Kiapo cha Chumvi

Mashine ya kupimia damu iliubana mkono wa Cornelius, ikanguruma, kisha ikalegea polepole kama mtu anayeshusha pumzi asiyotaka isikike. Milcah hakumtazama mpenzi wake usoni. Alikikazia macho kidirisha cha mashine, na tarakimu zilipotulia, alizifuta upesi.

"Ngapi?" aliuliza Cornelius.

"Tulia, nipime tena."

"Umekwisha kupima mara mbili."

"Nimesema tulia, Cornel."

Mara ya tatu nayo haikuwa na huruma. Mia moja hamsini na nane kwa tisini na nane. Wiki sita zilizopita, kabla ya kiapo, ilikuwa mia moja hamsini na mbili.

Ilikuwa Ijumaa, siku ya mapumziko ya mji ule, saa nane mchana, baada ya ibada ya kanisani. Walikuwa katika chumba cha Pamela, dada mkubwa wa Cornelius, ghorofa ya tatu juu ya duka la fundi cherehani, mtaani Al Mansoura, katika mji wa Kiarabu walikokuja kutafuta kazi. Cornelius, dereva wa basi la kuwabeba wafanyakazi wa hoteli, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, shati limekunjwa hadi begani. Milcah, muuguzi wa kliniki moja ndogo kule Al Thumama, alikuwa amepiga magoti mbele yake. Aliyewaona kwa mbali angedhani ni posa. Na kwa hakika, posa ndiyo iliyokuwa ikipimwa.

Kwani Mama Jennifer, mamaye Milcah, mjane aliyebaki nyumbani, kijijini Khayega, alikuwa ametamka sharti lake katika simu bila kupepesa maneno. "Nilizika mume mmoja kwa ugonjwa wa damu kupanda," alisema. "Sitamtoa binti yangu akazike wa pili. Wazee wa huyo kijana wasikanyage kwangu mpaka damu yake ishuke, nawe utanisomea hesabu yake kila Ijumaa." Wazee walikuwa wamepanga kufika Khayega Jumamosi ya wiki ijayo. Hesabu ya leo ndiyo ingeamua kama watafika.

Daktari alikuwa amempa Cornelius wiki nane za kuacha chumvi kabla ya kuanza vidonge. Naye, mbele ya Milcah na Pamela, alisimama akaapa kwamba chumvi haitapita kinywani mwake mpaka atakaporuhusiwa. Tangu siku hiyo hakula popote ila chunguni mwa dada yake. Hata chakula cha kazini alikibeba kutoka humo chumbani. Pamela naye, aliyetandika vitanda vya hoteli mchana kutwa, alikuwa amelitoa kopo la chumvi nyumbani akampa jirani.

Pamela aliingia akiwa na sahani chafu mkononi, akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Wifi yangu, mbona uso umezimika? Mtandao umekatika?"

Utani huo wa wifi na mtandao aliupenda mno, na kwa kawaida Milcah aliucheka. Leo hakucheka.

"Imepanda, dada."

"Imepanda vipi? Mashine yako ina njaa. Ilishe betri." Pamela alisema hayo kwa sauti nyepesi, lakini mikono yake ilichelewa kidogo juu ya sahani. Kisha akatoka kwenda jikoni, jiko lililokuwa mwisho wa ujia na kutumiwa na vyumba vitano.

Cornelius alishusha mkono wa shati, akafunga kishikizo chake polepole. "Ngoja ninawe uso," alisema, akatoka.

Milcah alibaki peke yake na koti la kazi la Cornelius, lililoning'inia msumarini nyuma ya mlango.

Alijiambia hataligusa. Alijiambia hivyo hata miguu yake ilipokuwa ikilikaribia. Mbele ya macho yake alimwona mamaye, miaka kumi na minne nyuma, akipekua makoti ya babaye kwa mtindo huo huo. Marehemu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Aliambiwa aache chumvi, akaapa, na damu haikushuka. Mama alipekua mifuko yake yote, akakuta unga mweupe, akaulamba. Ulikuwa vumbi la chaki. Hata hivyo hakuridhika. "Amejifunza kuficha," alisema. Mwalimu alianguka mbele ya darasa la saba, na hakuinuka.

Mkono wa Milcah ulizama mfukoni. Ulikuta kadi ya metro, kitambaa cha kufutia miwani, peremende mbili. Hotelini chumvi huja katika vijipakiti vya karatasi, vidogo kama stampu. Akaingiza vidole ndani zaidi.

"Kuna mfuko mwingine kwa ndani," ilisema sauti nyuma yake. "Upande wa kushoto. Usije ukausahau."

Cornelius alikuwa amesimama mlangoni, maji yakimtiririka kidevuni.

"Cornel, sikuwa nataka..."

"Tafuta. Ukimaliza, viatu hivi hapa."

Aibu ilimpanda Milcah, nayo aibu, kama ijulikanavyo, hupenda kuvaa nguo za hasira. "Nifanye nini basi? Wiki sita huli chumvi, na damu badala ya kushuka inapanda. Mashine haina sababu ya kusema uongo."

"Kwa hiyo mwenye sababu ni mimi."

Milcah aliligeuzia koti mgongo.

"Niambie tu," alisema baadaye, kwa sauti iliyovunjika. "Ni zile chipsi za jikoni hotelini? Ulionja mara moja, mara mbili? Nitaelewa. Kinachoniua ni kufichwa."

"Unajua wenzangu gereji wananiitaje? Mke wa Lutu. Kwa sababu wao wakila, mimi nageuka kuitazama chumvi." Cornelius hakutabasamu. "Nimebeba jina hilo wiki sita, kwa kuwa niliapa. Nimekula kama mgonjwa aliyelazwa. Na leo wewe uliyeniapisha unanipekua kama mwizi wa dukani."

"Ninaogopa, Cornel. Huelewi ninavyoogopa."

"Naelewa. Lakini woga wako umenipa jina, na jina lenyewe ni mwongo." Alilitwaa koti, akalitia mkononi bila kulivaa. "Mpigie mama yako. Mwambie wazee hawaji."

"Unakata tamaa kwa hesabu ya siku moja?"

"Hesabu sijaikataa. Nimejiuliza jambo moja tu: mwanamke anayepekua makoti kabla ya ndoa, baada ya ndoa atapekua nini?"

Hatua zake zilishuka ngazi, moja baada ya moja, bila haraka. Laiti angekimbia, Milcah angejua ni hasira. Mwendo ule wa pole ndio uliomtisha.

Jioni hiyo, Milcah akiwa amerudi Al Thumama, simu ya mamaye iliita mara nne. Hakuthubutu kuipokea. Mwishowe aliandika maneno machache, akayatuma kabla moyo haujamkataza: *Mama, haijashuka. Nadhani anakula kwa siri.*

Siku ya pili yake, Jumamosi, saa tano asubuhi, Pamela alimpigia.

"Umesahau mashine yako huku. Njoo uichukue." Hakumwita wifi.

Milcah alimkuta jikoni mwisho wa ujia, akichambua majani mabichi aliyoyanunua katika duka la mboga chini ya ghorofa. Wenye duka waliyaita mulukhiya. Mbale, kwao Pamela, na Khayega, kwao Milcah, jina lake ni mrenda, na ni majani yayo hayo. Siku Pamela alipoyagundua dukani, alicheka peke yake hadi mwenye duka akamwongeza fungu la bure.

"Kaa," alisema Pamela bila kuinua macho. "Mashine iko pale. Lakini kwanza tuzungumze."

Milcah alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Ndugu yangu alikuja hapa jana usiku. Hakula. Ameniambia ulimpekua kama mwongo."

"Sikumkuta na kitu, dada."

"Hilo ni baya zaidi. Ungemkuta nacho, ningempiga kofi mwenyewe." Pamela aliyatupa majani sufuriani. "Sasa nisikilize. Mpishi wake ni nani? Si mimi? Ukisema amekula chumvi, umesema nimemlisha mimi. Nimemlea huyo tangu akiwa na miaka tisa. Nimemjua akiiba sukari, nimemjua akitoroka shule, na kila mara nikimuuliza, alisema ndiyo, nimefanya. Hajui kusema uongo. Angejua, angekuwa tajiri."

"Najua, dada."

"Hujui. Ungejua, usingetia mkono kotini."

Maneno hayo yalimchoma, kwa kuwa hayakuwa na sauti ya juu. Milcah aliinama. Alisikia Pamela akilifungua kopo, kisha mlio mdogo wa kitu kigumu kikigonga ukingo wa sufuria. Maji yalitoa povu jeupe. Majani, yaliyokuwa yamekakamaa, yakaanza kulegea na kuteleza, yakiwa na rangi nzuri ya kijani iliyokolea.

Milcah aliinua kichwa.

"Umetia nini, dada?"

"Magadi. Ni yapi mengine? Si haya haya uliyoniletea mwenyewe ulipotoka likizo?" Pamela alimwonyesha kopo la maziwa ya unga, lililojaa vipande vya mawe ya kijivu. "Kwa hili namshukuru mama yako, hata kama yeye hatutaki sisi. Magadi yake ni safi, hayana mchanga."

Milcah alikumbuka furushi lile. Mamaye alilifunga mara tatu kwa mikono yake, siku ambazo alikuwa bado hajasikia habari za ugonjwa wa Cornelius. *Mpelekee dada ya rafiki yako huyo, apike mboga za watu.* Naye Milcah alilibeba ndani ya sanduku lake, chini ya nguo za ibada, akiona fahari kwamba anampelekea wifi mtarajiwa zawadi ya nyumbani.

"Unatia kila siku?" aliuliza polepole.

"Mrenda bila magadi ni chakula cha mbuzi. Na kunde. Na maharagwe pia, yaive upesi."

"Kiasi gani?"

"Zamani kipande kimoja. Tangu mlipokataza chumvi natia viwili, wakati mwingine vitatu. Mtu lazima apate ladha kidogo, la sivyo atakufa kwa huzuni kabla ya huo ugonjwa." Pamela alikomea hapo, kwa kuwa uso wa Milcah ulikuwa umebadilika. "Nini?"

"Dada, magadi ni chumvi."

"Magadi ni magadi. Chumvi nilimpa jirani."

"Kile kilichomo ndani ya chumvi kinachopandisha damu, ndicho kilichojaa ndani ya magadi. Jina ndilo tofauti. Nilifundishwa chuoni. Nilifanya mtihani juu yake, nikafaulu."

"Sasa kama ulifundishwa, mbona ulikuwa ukila hapa kila Ijumaa ukisema, dada, mboga yako ni laini?"

Milcah alitafuta jibu akalipata, nalo lilimtia aibu kuliko mkono uliokutwa kotini. Alilijua jambo hilo kwa Kiingereza. Kwa Kiisukha, lugha aliyonyonyea, hakuwahi kulijua hata siku moja. Vitabuni lilikuwa na jina refu na namba kando yake. Kwao lilikuwa jiwe la bibi, lililokaa juu ya kichaga kando ya chujio la chai, na hakuna mtu aliyewahi kuliita chumvi.

Pamela alizima moto. Alijishusha taratibu hadi akakaa sakafuni, mgongo ukiegemea kabati.

"Basi ni mimi," alisema. "Wiki sita nimekuwa nikimuua kwa mwiko wangu."

"Hujamuua. Na niliyeyabeba ni mimi."

"Naye kila siku anasema, dada, chakula chako leo kitamu, hata bila chumvi." Pamela alijifuta uso kwa upindo wa leso. Halafu, kama kwamba amekumbuka umri wake, alisimama akaimwaga sufuria nzima katika sinki. "Unangoja nini hapa? Anaingia zamu saa kumi. Nenda, wifi."

Neno hilo la mwisho Milcah alilibeba mbio hadi kituo cha metro.

Gereji ya mabasi ilikuwa uwanja mpana usio na kivuli, jua likipiga juu ya mabati kama nyundo. Cornelius alikuwa akifuta kioo cha mbele cha basi lake. Dereva mwenzake, Nick, ndiye aliyemwona Milcah kwanza.

"Mke wa Lutu," aliita, "geuka nyuma. Safari hii hutakuwa nguzo."

Cornelius aligeuka. Nick, ambaye utani wake ulikuwa mwingi lakini akili yake haikuwa chache, akajitia shughuli mbali kabisa.

Milcah alisema yote akiwa amesimama, bila kujipamba na bila kulia, kwa kuwa alijua machozi yangekuwa njia ya kuombea huruma badala ya msamaha. Alisema habari za kopo, za furushi, za mtihani aliofaulu. Cornelius alisikiliza hadi mwisho, kitambaa kikidondosha maji juu ya kiatu chake.

"Kwa hiyo niliapa kweli," alisema.

"Uliapa kweli, na ulitimiza. Mwongo hakuwepo. Nilikukosea, Cornel."

"Umeniomba mimi samahani, nami nimeisikia. Lakini niambie, jina hili ulilipeleka kwa nani mwingine?"

Milcah aliitoa simu, akamwonyesha. "Nilimwandikia mama. Nilisema unakula kwa siri."

Cornelius alikikamua kitambaa hadi tone la mwisho. Milcah aliuona mshipa wa shingo yake ukipigapiga, na kwa mara ya kwanza hakuuhesabu.

"Basi huko ndiko kunakodaiwa samahani," alisema hatimaye. "Mimi naweza kuishi bila mke. Siwezi kuishi mwongo kwa mama wa watu."

Waliketi kwenye ngazi ya basi. Milcah alipiga simu, akafungua sauti wasikie wote wawili.

"Nimewaambia watu wa hapa wasijitayarishe," alisema Mama Jennifer kabla hata ya salamu. "Nilijua tangu mwanzo. Wanaume hao huapa kwa mdomo na kulamba kwa ulimi."

"Mama, nimepiga kukuambia nilimsingizia. Hakula chumvi hata punje."

"Baba yako naye hakula. Uliza makoti yake."

"Ni magadi, Mama. Dada yake alikuwa akitia magadi katika kila mboga. Magadi ni chumvi vile vile. Hupandisha damu vile vile."

Kuku walisikika wakiparuza uani Khayega. Kisha hata kuku hawakusikika.

"Unasema hayo kama muuguzi," aliuliza mama, "ama kama msichana anayetaka kuolewa?"

"Kama muuguzi, Mama."

"Hakika?"

"Hakika."

Kule Khayega kiti kilisikika kikivutwa.

"Baba yako alipenda mrenda wangu," ilisema sauti, ikiwa imepungua, kama sauti ya mtu mwingine aliyekaa mbali zaidi. "Nilipoambiwa chumvi inamdhuru, niliiondoa yote. Nikaongeza magadi, asije akakosa hamu. Kila siku. Miaka miwili." Pumzi ilikatika, ikarudi. "Na asubuhi ile, alipokuwa akitoka kwenda shule, nilimwita mwongo."

Hakuna chuo kilichomfundisha Milcah neno la hapo. Cornelius alinyosha mkono, akaichukua simu taratibu.

"Shikamoo, Mama. Ni Cornelius."

Alingoja marahaba, kisha akaisogeza simu karibu na kinywa.

"Dada yangu amenilisha magadi wiki sita," aliendelea, sauti yake tulivu. "Nilikuwa nikila nikijua tu kwamba huyu mtu anataka niishi. Sikuona kingine sahanini. Sidhani kama mzee aliona kingine katika sahani yako."

"Nilimwita mwongo, kijana."

"Mimi pia niliitwa jana, Mama. Na leo bado nimeketi naye ngazi moja."

Milcah alijifunika uso kwa viganja.

Mama Jennifer alipenga kamasi mbali na simu. Aliporudi, sauti yake ilikuwa imetafuta ukali wake wa zamani, ikaupata nusu. "Hesabu yako ni ngapi?"

"Mia moja hamsini na nane kwa tisini na nane. Sitakuficha. Kesho naenda kwa daktari. Tutaacha magadi, na akisema nimeze vidonge, nitavimeza hadi uzeeni. Huenda isishuke upesi. Ikibidi wazee wangu wangoje, watangoja."

Basi jirani lilinguruma, likatoka langoni, vumbi likatua. Cornelius hakuisogeza simu.

"Wewe ni mwana wa nani?" aliuliza mama.

Milcah aliondoa viganja usoni. Mwaka mzima mamaye alikuwa akisema *huyo kijana*, na hakuwahi kuuliza. Kwao, mtu asiyetakiwa haulizwi baba zake. Huulizwa hivyo yule tu ambaye huenda siku moja akaingia kwa mlango wa mbele. Cornelius alilijua hilo kama yeye. Alisimama, akaivua kofia yake ya udereva ijapokuwa hakuna aliyemwona, akajinyosha kama mtu aliyeitwa mbele ya baraza.

"Mimi ni Cornelius, Mama, mwana wa Agoya. Agoya ni mwana wa Kegode, wa Mbale, wale waliokuwa wafua vyuma. Na Kegode alizaliwa na..."

Alisita, akitafuta jina la mzee wa tatu, jasho likimchirizika kipajini.

"Endelea," ilisema sauti kutoka Khayega. "Nasikiliza."